Barua ya wazi kwa wenye kozi, wenye mikopo na wenye usajili wa wahandisi: tuonyesheni bei nzima ya kusomea uinjinia

Kwa Waziri wa Elimu, Sayansi na Teknolojia, kwa TCU (tume ya vyuo vikuu), kwa Bodi ya Mikopo, kwa Bodi ya Usajili wa Wahandisi, na yeyote mwingine mwenye kalamu ya kusaini mambo ya vijana wetu.

Shikamooni.

Najua barua kama hizi mnapata nyingi kwahiyo naingia moja kwa moja. Mimi nina stesheneri huku Gongo la Mboto, kompyuta tatu, printa na mashine ya kopi, na kuanzia matokeo ya form six yanapotoka mpaka dirisha la mwisho la vyuo linapofungwa mimi ndo ofisi yenu ya mtaani, hamjaniajiri ila kazi yenu naifanya. Mzazi hawezi kupanda basi kwenda Dodoma kuwauliza nyie, anakuja kwangu. Na mara nyingi anakuja peke yake, dogo mwenyewe yuko JKT kwa mujibu wa sheria na simu hana, kwahiyo maamuzi ya miaka minne ya mtu yanafanywa na mama yake pamoja na mimi, huku nyuma kuna foleni ya watu wanataka kopi za kitambulisho cha NIDA.

Swali ni lilelile kila mwaka. "Mwanangu kasoma PCM, yaani fizikia, kemia na hesabu, kapata division two ya kumi na moja, anataka uinjinia. Ipi ambayo ada yake tutaiweza na akimaliza hakai nyumbani?"

Hapo sasa. Jibu la maana sina, na nimelitafuta. Nyie mnalo ila mmegawana vipande, TCU ana chake, bodi ya mikopo chake, wahandisi chao, na hakuna aliyewahi kuviweka pamoja mezani tukaviona sisi tunaolipa. Hicho ndo kilichonifanya niandike.

Nikifungua kitabu cha mwongozo cha TCU naona sifa za kujiunga, masomo yanayotakiwa, nafasi ngapi, miaka mingapi. Vizuri. Nikienda tovuti ya chuo naona ada, na kwa vyuo vya umma ada ya uinjinia haitishi, inazunguka kwenye milioni moja na laki kadhaa kwa mwaka. Mzazi akiiona anazidisha mara nne, anashusha pumzi, anasema tutajikongoja. Na hapohapo ndo anapopotea maana ada ni kipande tu, tena sio kikubwa.

Chukua laptopu. Mtoto wa civil (ujenzi) au wa mitambo hawezi kuchora kwenye simu. Mashine iliyotumika inayoweza kuendesha AutoCAD, ile programu ya kuchorea, bila kuganda, ukiipata Kariakoo kwa laki sita mshukuru Mungu. Bumu, ile hela ya kujikimu ya mkopo, sasa hivi ni elfu kumi kwa siku, likiingia la siku 60 ni laki sita. Yaani laptopu moja ni bumu zima, siku 60 asile, asilipe chumba, asipande daladala. Ndio, najua kwenye mkopo kuna hela ya vitabu na kuna ya mahitaji maalum ya kitivo, ila sio kila aliyepata mkopo kapangiwa vipengele vyote, na ada yenyewe wengine wanapewa asilimia fulani nyingine ajijazie, hilo mnalijua kuliko mimi.

Halafu fildi. Wenzake wa kozi nyingi wanasoma miaka mitatu, yeye minne, na kila likizo ndefu ikifika wakati wengine wanarudi nyumbani kula ugali wa mama yeye anazunguka na barua ya chuo mkononi kutafuta kiwanda au saiti ya kumpokea wiki nane. Sehemu nyingi hawalipi, ukipewa nauli na chai umepata bosi mwenye utu. Na viwanda viko wapi? Dar, Mwanza, Arusha, Tanga, Moro. Mtoto wa Kibondo au wa Namtumbo lazima apange chumba mji wa watu ili afanye kazi ya bure, na asiye na mjomba ndani ya kampuni anaishia kukaa kwenye ofisi inayomgongea tu muhuri kwenye logibuku, kashinda kutwa anachaji simu. Huyo kalipia mafunzo ambayo hajayapata. Aliyekuwa na mjomba kashika spana. Miaka minne baadaye wote wana cheti kimoja, ila kwenye usaili tofauti inaonekana dakika ya pili.

Twende sasa kwenye kipande ambacho sijawahi kuona mzazi hata mmoja anakijua. Mzazi anaamini mahafali ndo mwisho wa bili. Kwa sheria yetu ya mwaka 1997 huwezi kufanya kazi ya uhandisi bila kusajiliwa, na ukitoka chuo unasajiliwa kwanza kama mhandisi mhitimu, halafu unatakiwa miaka isiyopungua 3 ya kazi chini ya msimamizi, ujaze rekodi zako, uandike ripoti, uhojiwe, ndo uwe mhandisi kamili. Tangu 2003 bodi ina mpango wa mafunzo wa SEAP ambao unampeleka mhitimu kwenye taasisi akae chini ya mhandisi mzoefu, na sina ugomvi nao kabisa, mimi mwenyewe sitaki kupita juu ya daraja lililopigiwa hesabu na mtu aliyetoka darasani jana. Tatizo ni kwamba nafasi zenye posho haziwatoshi wahitimu wote, na asiyepata anabaki kutafuta kwa miguu.

Sasa wekeni hapo na bodi ya mikopo. Kwa utaratibu wao baada ya miezi 24 tangu umalize chuo unatakiwa uanze kurejesha. Ukiajiriwa ni asilimia 15 ya mshahara wa msingi, zamani ilikuwa 8, ikapandishwa kwa mabadiliko ya sheria ya 2016. Ukijiajiri ni asilimia 10 ya kipato au laki moja kwa mwezi. Mnaona kinachotokea? Mwezi wa 24 deni linabisha hodi, mwezi wa 36 ndo anaruhusiwa hata kuomba usajili kamili. Katikati hapo kuna mwaka mzima kijana anadaiwa kama mhandisi na analipwa kama saidia fundi, kama analipwa. Mwenye sheria ya mkopo hakukaa na mwenye sheria ya usajili, kila mmoja kaandika yake kwa nia njema, anayebanwa katikati ni mtoto wa mwenye genge.

Tusiwe watu wa kulaumu tu. 2021 ile asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo iliondolewa, na ile adhabu ya asilimia 10 ya kuchelewa ikaondoka, watu walikuwa wanalipa miaka na deni linazidi kukua, tulishangilia na bado tunashukuru. Aliyeweza kuondoa lile anaweza kuliweka sawa na hili. Kwa kozi za uhandisi hesabu ya kuanza kurejesha ianze mtu anapomaliza ile miaka 3 ya mafunzo, au akipata ajira yenye mshahara kamili, kipi kitangulie. Orodha ya walioko kwenye mafunzo bodi ya wahandisi wanayo. Ni kupeana tu.

Sasa upande wa pili wa swali la yule mama, akimaliza hakai nyumbani. Hapa ndo mnatuacha gizani kabisa tunachagua kwa uvumi.

Mnakumbuka gesi? Kuanzia 2010 kina kirefu cha bahari kule Lindi na Mtwara kampuni zikawa zinatangaza ugunduzi mmoja baada ya mwingine, nchi nzima ikawa inaongea gesi, Mtwara mpaka watu wakaandamana 2013 kupinga bomba la kupeleka gesi Dar, na vyuo vikafungua digrii za petroli. Kila mzazi mwenye mtoto wa PCM akawa anataka petroli. Hata mimi ningekuwa na mtoto wa umri huo ningempeleka hukohuko. Wakasoma, tena walioingia walikuwa vichwa haswa. Mkataba wa awali wa mradi wa LNG, ule wa kugeuza gesi kuwa kimiminika, ulisainiwa Juni 2022, na mpaka leo naandika hapa ule mtambo wa Lindi haujaanza kujengwa. Kijana mmoja wa kwenye kundi hilo ndo anayekuja kurekebisha kompyuta zangu zikileta shida, anafunga na kamera za CCTV, na anafanya vizuri tu, ana familia. Ila alilipia digrii ya miaka minne ya kitu kingine na deni lake bado linasoma.

Simlaumu mtu kwamba mradi umechelewa, mambo ya mikataba ni makubwa yana wanasheria wake. Ninachouliza ni kwamba miaka yote hiyo vijana wanaingia kozi ile nani aliwaambia wanaofuata kwamba waliotangulia wako wapi? Kitabu cha mwongozo kiliendelea kutoka kila mwaka na nafasi zake zimeandikwa kama kawaida.

Na isije ikaonekana ni petroli tu. Miradi mikubwa ina tabia moja ambayo wazazi hawaijui, inataka wahandisi wengi wakati wa kujenga na wachache sana ikishaanza kazi. Bwawa la Nyerere lina mashine 9 za megawati 235, jumla 2,115, kujenga kulikuwa na maelfu ya watu pale Rufiji, kuendesha hakuhitaji maelfu. Bomba la mafuta la kutoka Hoima mpaka Chongoleani pale Tanga kilomita 1,443, vilevile, likishafukiwa limefukiwa. SGR afadhali kidogo maana treni ya umeme inataka matengenezo kila siku ya Mungu, njia, mifumo ya umeme, mawasiliano, mabehewa. Mtoto anayeingia chuo mwaka huu anatoka miaka minne mbele, sasa mwambieni miaka minne mbele kuna nini, msimwambie kilichopo kwenye taarifa ya habari leo.

Mkiniuliza mimi mwenye stesheneri nawaambia nini wazazi, na natoa ushauri huku natetemeka maana mimi sio mtaalamu, huwa nasema umeme kabla ya civil. Civil yetu inategemea sana serikali, mkandarasi akicheleweshewa malipo na mishahara inachelewa, na kijana akitaka kufungua kampuni yake anaanzia daraja la chini CRB, bodi ya makandarasi, akiwa na mtaji wa maneno. Wa umeme akichukua leseni ya kufunga umeme ya EWURA, mamlaka ya nishati na maji, anaweza kusuka nyaya kwenye nyumba za watu, kufunga sola, kuhudumia mashine za kusaga, hata asipoajiriwa mkono unaenda kinywani. Lakini huu ni ushauri wa kuangalia watu wa mtaa wangu. Inawezekana nimekosea kabisa, inawezekana kozi inayolipa zaidi nchi hii ni ile ya kemikali na usindikaji ambayo hakuna anayeitaja, nitajuaje?

Kuna na njia nyingine ambayo nyie wenyewe mmeitengeneza halafu mkaiacha bila kuitangaza. Mtoto wa form four mwenye pasi za hesabu, fizikia na kemia anaweza kwenda chuo cha ufundi kama DIT, Arusha Tech au kwingine akasoma diploma ya uhandisi miaka 3, halafu akiwa na GPA ya 3.0 anachukua AVN, namba ya kuthibitisha cheti chake, kule NACTVET, baraza la vyuo vya ufundi, anaomba digrii. Form five na six ni miaka 2, kwahiyo njia ya diploma inamchelewesha mwaka mmoja. Mwaka mmoja tu! Lakini akikwama katikati, hela ikikata, mzazi akifariki, ana cheti kinachompa kazi, anaweza kuomba nafasi za fundi sanifu, na bodi ya wahandisi inawasajili hao pia. Wa form six akikwama chuo mwaka wa pili anarudi nyumbani na cheti cha form six. Na kuanzia 2023/24 bodi ya mikopo imeanza kutoa mikopo kwa diploma kwenye kozi za kipaumbele. Kwa familia isiyo na akiba hii ndo uinjinia ya bei nafuu kuliko zote, ila huku mtaani bado mtu akisikia diploma anaona mtoto kafeli, na nyie mnachangia, sherehe zote na picha zote za magazeti ni za form six.

Wale mawakala wa vyuo vya nje nawagusia tu. Wanaacha vipeperushi kaunta kwangu, India, China, Uturuki, Saiprasi, picha nzuri za majengo. Sipingi mtu kusoma nje, ila mzazi auze kiwanja akijua kwamba cheti kitapita TCU kutambuliwa na kitapita bodi ya wahandisi kabla mtoto hajaitwa mhandisi hapa nyumbani, na hilo aliulize kabla ya tiketi. Wekeni orodha fupi, inayosomeka kwenye simu.

Haya, ninachoomba. Kwenye kitabu cha mwongozo kwenye kila kozi ya uhandisi ongezeni mambo mawili. La kwanza gharama kamili ya kumaliza, ada, vifaa, fildi, chumba, mpaka siku anaposajiliwa. La pili, katika waliomaliza kozi hiyo chuo hicho miaka mitatu iliyopita wangapi wako kazini na wanalipwa kiasi gani, sitaki majina, nataka mshahara wa katikati.

Msiniambie data hakuna. Mimi kila siku naandika namba ya mtihani ya form four, ile inayoanza na S, namba ya shule, namba ya mtahiniwa, mwaka. Ukiomba chuo unaiweka. Ukiomba mkopo unaiweka. Mtu anaanza form four anamaliza chuo ile namba inamfuata kila anapokwenda. Chuo kinajua nani kamaliza. Bodi ya mikopo inajua nani anakatwa asilimia 15 na mwajiri gani, na asilimia 15 ukiigawanya vizuri inakupa mshahara, hesabu hiyo hata mimi naiweza kwa kalkuleta ya kwenye simu. Bodi ya wahandisi inajua nani kasajiliwa na alisoma wapi. Taasisi tatu, namba moja. Vijana wa kompyuta mnaowafundisha wenyewe wanaweza kuifanya kama projekti ya mwaka wa nne.

Najua itakuwa na mapengo. Aliyejiajiri bila kusajili biashara hataonekana, aliyekwenda Rwanda au Dubai hataonekana, na aliyesomeshwa na baba yake bila mkopo hatakuwepo kwenye makato. Sawa, andikeni hapo chini kwamba hawa hawamo. Takwimu yenye tundu tutaisoma, kuliko sasa hivi ambapo tunasoma sura ya mtu.

Vyuo vingine vitalalamika kwamba watoto watazikimbia kozi fulani. Wakizikimbia si ndo mtajua kozi ipi ipunguzwe nafasi na ipi iongezewe maabara? Na msianze na kozi zote kama ni nzito. Anzeni na umeme, civil na mitambo kwa vyuo vya umma, kabla ya dirisha la Julai, nyingine zifuate.

Ahsanteni kwa kusoma.

Mama wa stesheneri, Gongo la Mboto, Dar es Salaam